Masoud Aandikwe Vipi

Mji Mkongwe,
18 Agosti 1970

Kwa Bi Mwanakheir binti Makungu, Kizimbani.

Assalamu alaykum,

Barua hii nampa kaka yako Bakar, ambaye nimeambiwa huja mjini na gari la karafuu. Mimi ni Abdulla Jecha, mthamini wa mali. Hunijui, na uniwie radhi kwa kukuandikia bila ya kujuana.

Kile chumba cha juu, katika nyumba mliyokuwa mkikaa wewe na mumeo Bwana Masoud, kinatakiwa. Huko chini wameshaingia watu wengine, na wenye kusimamia nyumba wamesema chumba kiwe kitupu kabla ya Ramadhani. Vyombo vyenu vimo humo tangu ulipohamia kwa kaka yako. Kadhi amekataa kitu chochote kitolewe mpaka vithaminiwe, na kazi hiyo nimepewa mimi.

Chumba nimeshakifungua na vyombo nimeviona. Sikukwama hapo. Nimekwama kwenye ripoti yenyewe, kwa sababu ripoti za uthamini si za namna moja. Kitanda ni kile kile, lakini ukiniuliza thamani yake, lazima nami nikuulize: thamani ya nini? Ikiwa ni ya mnada, ripoti huwa fupi, jina la kitu na bei ambayo kitatoka siku ile ile, muuzaji akiwa na haraka. Ikiwa ni ya amana, yaani mwenyewe hayupo lakini anatarajiwa, siandiki bei ya kuuzia. Naeleza hali ya kila kitu, palipopasuka na palipopungua, na jina la mtu atakayekitunza, ili mwenyewe akirudi akikute kama alivyokiacha. Na ikiwa ni ya mirathi, naandika kila kitu kwa maelezo yake na kwa bei ya haki baina ya warithi, na juu ya ukurasa wa mwanzo naandika jina la mwenye mali, likitanguliwa na neno marehemu.

Siwezi kuzichanganya. Kadhi atahukumu kwa ile nitakayompelekea.

Nimeelezwa kuwa Bwana Masoud aliaga mwaka 1964 anakwenda Mombasa kutafuta kazi, na Mombasa wanasema hakufika. Zaidi ya hapo sikuelezwa, wala siulizi. Wewe ndiye mkewe. Nijibu tu, niandike ya namna gani.

Wassalaam,
Abdulla Jecha


Kizimbani,
30 Agosti 1970

Bwana Abdulla,

Waalaykumu salaam. Barua yako imefika. Usione nimechelewa ukadhani ni dharau. Karafuu mwaka huu zimezaa sana, tunashinda mitini, na tukishuka tunakaa kuzichambua kwenye makonyo yake mpaka vidole havikunjiki.

Mlango wa kushoto wa kabati la kioo usiuvute, uinue kidogo ndio ufungue, bawaba imelegea. Cherehani isikae upande wa dirisha, kule huvuja. Kasha la njumu, lile lenye nakshi za shaba, lina ufunguo, nao uko kwa mama mkwe wangu, Bi Wanu. Yuko Jang'ombe kwa shemegi yangu Mcha.

Hilo uliloniuliza sina jibu lake. Watu wote walioniuliza juu ya Masoud waliniuliza njiani, nikawajibu "Mungu anajua," nikapita zangu. Wewe umeniuliza kwa barua, na barua nikiiweka chini nikirudi naikuta pale pale.

Hakuna ripoti isiyomtaja?

Mwanakheir


Mji Mkongwe,
7 Septemba 1970

Bi Mwanakheir,

Assalamu alaykum. Ripoti isiyomtaja mwenye mali hakuna. Mali lazima iwe ya mtu, na mtu huyo lazima aelezwe yuko au hayuko.

Hata hivyo nimekufahamu, hata yale usiyoyaandika. Mke aniambiaye mlango wa kabati ufunguliwe vipi ni mke anayetaka mumewe alikute kabati zima. Kwa hiyo nimeanza kuandika ripoti ya amana. Mtunzaji nimekuandika wewe. Shemegi yako ataleta mkokoteni, vyombo vitapelekwa Jang'ombe au vije huko Kizimbani, utakavyopenda, na hapana kitakachouzwa.

Nikwambie kweli, nimeifanya kazi hii kwa furaha kidogo. Miaka hii nimeandika za mnada nyingi mno. Siku nyingine napita mtaani naona kiti barazani, mtu amekikalia, nami nshakitia bei. Nimechoka kuandika vitu vya watu ambao hawarudi. Hii yako imenipa nafasi ya kuandika "akirudi."

Kitanda cha samadari ni kizima, nguzo moja ina mikwaruzo. Kabati liko kama ulivyosema. Saa ya ukutani imesimama, lakini mashine yake naona ni nzima. Kasha sijalifungua, nangoja ufunguo. Nyuma ya mlango imetundikwa kanzu ya kiume, imeingia ukungu mabegani. Nimeikung'uta nikairudisha.

Tia saini penye alama, unirudishie.

Abdulla Jecha


Jang'ombe,
12 Septemba 1970

Bwana Abdulla,

Shikamoo. Mimi ni Mcha, mdogo wake Masoud. Ufunguo wa kasha ninao mie sasa, lakini kabla sijakuletea nina maneno.

Nimesikia unaandika ripoti ya amana. Nakushukuru, na nakuomba usije ukageuza. Sisemi kwa tamaa. Ikiwa ya mirathi nami ni mrithi, ningepata changu, na Mungu anajua ningekipatia kazi, maana mshahara wa bandarini haufiki popote. Nasema kwa ajili ya mama.

Mama hataki kusikia. Jirani yetu mmoja, mtu mwema kabisa, alimtaja Masoud akasema "Allah amrehemu." Aliteleza ulimi tu. Mama aliinuka, akamtolea viatu vyake nje ya mlango, na mpaka leo hawasemezani. Mtu akisema "Masoud alikuwa akipenda kitu fulani," mama humkatiza: "Anapenda." Ndivyo tunavyoishi. Mimi mwenyewe nshazoea, nikizungumza nyumbani humu nachunga ulimi, nikitoka nje nazungumza kama watu.

Sasa kadhi akisoma ripoti mbele ya mama, na neno la kwanza likawa lile, sijui itakuwaje. Ni mtu mzima na moyo wake si mzima.

Shemegi yangu ni mwanamke mstahamilivu. Amengoja miaka yote hii, hatashindwa kungoja.

Wako,
Mcha


Kizimbani,
20 Septemba 1970

Bwana Abdulla,

Nimekurudishia karatasi yako bila ya saini. Usinione mkosefu wa shukurani. Ulinidhania hivyo kwa wema, lakini ulikosea.

Nilikueleza kuhusu mlango wa kabati kwa sababu ni jambo ninalolijua. La pili silijui, basi nikasema la kwanza. Ndivyo nilivyofanya miaka yote. Mtu akiniuliza hali namjibu bei ya unga.

Umeniandika mtunzaji. Nitunze mpaka lini? Nikizeeka avitunze nani baada yangu, Bakar? Na katika ripoti hiyo umeandika samadari, kabati, saa, kasha, lakini kimoja umekisahau, nacho ni mimi. Na mimi nimewekwa. Si mjane, maana mume wangu hakufa. Si mke, maana mume sina. Harusini nakaa na wake za watu, nao hawajui waniulize nini. Msibani nikilia wananitazama, nani kamfia huyu?

Huenda ukadhani pana mtu amenichumbia. Hakuna. Na akija leo nitamwambia aende zake, nimechoka, sina nguvu ya kujuana na mtu upya.

Ninalolitaka ni dogo. Nataka kukaa eda. Nataka nifunge mlango, watu waje waniambie pole, waondoke, kisha siku moja iwe imekwisha. Masoud alikuwa mume mwema na hajapata kuliliwa.

Nimeliandika hilo neno, "alikuwa." Umeliona? Sikulifuta.

Andika ya mirathi. Bi Wanu usimwambie wewe. Bado sijui nani amwambie.

Mwanakheir binti Makungu


Mji Mkongwe,
3 Oktoba 1970

Bi Mwanakheir,

Assalamu alaykum. Barua yako niliisoma nikakaa nayo. Nikaona ni haki yako, na nikaanza ukurasa mpya. Lakini kabla sijafika mbali limetokea jambo jengine, na ni lazima ulijue kama lilivyokuwa.

Kasha lilikuwa halijafunguliwa, nikamwambia Mcha alete ufunguo. Alikuja, lakini hakuja peke yake. Alikuja na Bi Wanu. Mcha alikuwa amemweleza kwamba unataka ripoti ya mirathi. Mimi sikumwambia Mcha, naapa. Nadhani kaka yako ndiye aliyemdokeza, kwa nia njema.

Mama mkwe wako alipanda ngazi zile zote bila ya kushikwa mkono. Akaingia chumbani, akasimama kati, akaniuliza, "Wewe ndiye unayeandika?"

Nikamwambia, "Naam, Bi Wanu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi andika." Akaliendea kabati, akalipiga kofi. "Hili la Mwanakheir. Alikuja nalo kwao."

Nikaandika.

"Cherehani, ya Mwanakheir. Samadari, ya Mwanakheir, ni mahari yake. Saa ya Mwanakheir. Kasha, mimi mwenyewe nilimpa siku alipoingia ukumbini."

Mcha akasema, "Mama, saa kaka alinunua..."

"Nyamaza. Ulikuwapo?"

Alizunguka chumba kizima hivyo, kitu kwa kitu, sinia, birika, mikeka. Mpaka akafika nyuma ya mlango. Akaishika kanzu, akaipapasa mabega pale penye ukungu. Nikadhani hapo atashindwa. Akasema kwa sauti ile ile, "Na hii ya Mwanakheir."

Nikamwambia, "Bi Wanu, hiyo ni kanzu ya kiume."

Akanitazama. "Mwanamke hawezi kuwa na kanzu? Andika."

Nikaandika. Alipomaliza, katika chumba kile hapakubaki hata kijiko cha Masoud. Akaniuliza, "Mtu asiye na mali anaandikiwa ripoti?" Nikamwambia hapana, haandikiwi. Akasema, "Alhamdulillahi," akashuka.

Sasa iko ripoti ya namna ya nne, ambayo sikuifikiria: mali ya mke, kwa ushahidi wa mama wa mume. Ni fupi, ni halali ikiwa hapana anayepinga, na Mcha amesema hapingi. Vitu vyote ni vyako, uuze, uweke, ugawe. Na mtu hatajwi, kama ulivyoniomba mwanzo.

Najua si kweli yote. Nimeandika "kwa maelezo ya Bi Wanu" na nikaacha hapo. Ukitia saini yatakwisha wiki hii hii. Sitakwambia utie. Lakini yule mama alivyoshuka ngazi zile, ningependa utie.

Abdulla Jecha


Jang'ombe,
6 Oktoba 1970

Shemegi yangu Mwanakheir,

Salaam. Najua umekasirika, na najua nimesema nisiloambiwa niseme. Bakar alinieleza gengeni, nikashindwa kulala nalo.

Kubali, nakuomba. Mama amekupa kila kitu. Tangu siku ile anakula vizuri, anasema, "Mwanakheir nimeshamtengenezea mambo yake." Anadhani ulikuwa unataka vyombo. Nami sikumwambia vyengine.

Ukikataa itabidi uje umwambie mwenyewe. Mie siwezi. Niliwahi kujaribu, mwaka wa kwanza.

Mcha


Kizimbani,
9 Oktoba 1970

Mcha,

Sijakasirika. Mwambie mama naja Ijumaa ijayo na gari la asubuhi, nitakula kwenu mchana. Usimwambie jengine lolote.

Siku hiyo usende kazini kama unaweza. Ukae karibu.

Mwanakheir


Mji Mkongwe,
27 Oktoba 1970

Kwa Mheshimiwa Kadhi.

Assalamu alaykum warahmatullah.

Kwa kufuata hukumu yako ya wiki iliyopita, naleta pamoja na barua hii ripoti ya vyombo vya nyumbani vya marehemu Masoud, iliyoandikwa kwa namna ya mirathi. Kila kitu kimeelezwa kilivyo, kwa bei ya siku ya hukumu, nayo ni bei ya haki baina ya warithi na si ya mnada. Warithi ni mke, mama na ndugu, na wote watatu walivipitia vyombo pamoja nami chumbani, kabla mke hajaanza eda.

Vyombo vilivyo mali ya mke mwenyewe vimewekwa mbali, katika ukurasa wake, kwa maelezo ya wote wawili, yeye na Bi Wanu, ambayo safari hii yamekubaliana. Ripoti yangu ya tarehe 3 Oktoba naomba isitumike.

Chumba kimeshahamwa na ufunguo umerudishwa.

Wako mtiifu,
Abdulla Jecha, mthamini


Jang'ombe,
10 Novemba 1970

Bwana Abdulla,

Assalamu alaykum, na Ramadhani njema kwako na kwa watu wa nyumbani kwako.

Nakuandikia kutoka kwa Bi Wanu. Nakaa eda hapa, kwake. Kadhi aliniruhusu, maana kwa kaka yangu kule ni nyumba za wafanyakazi, watu wanapishana mlangoni kutwa. Sitoki, basi nakala yangu ya ripoti mpe Mcha.

Hukuniuliza ilikuwaje ile Ijumaa, na nakushukuru kwa kutouliza. Lakini ulipanda ngazi na yule mama, una haki ya kujua.

Nilimkuta anachagua mchele. Nikaamkia, nikakaa, nikatia mkono sinia ile ile, tukachagua pamoja. Mcha alikuwa mlangoni. Nikaona nikingoja nafasi nzuri haitakuja, nikasema, "Mama, ile kanzu si yangu."

Hakunitazama. Akasema, "Nani kasema yako? Nimesema yako isije ikawa ya maiti."

Mcha akatoka uwani.

Nikamwambia, "Vyombo sivitaki, mama. Sikuomba vyombo. Nataka kukaa eda."

Akaniuliza, "Unataka kuolewa?"

"Sitaki kuolewa. Nataka kulia."

"Kwani nani kakuzuia kulia?"

Bwana Abdulla, nilikuwa sikudhamiria kusema, lakini ilitoka. Nilimwambia, "Wewe, mama."

Aliacha kuchagua mchele. Nilidhani ataondoka, atanitolea viatu vyangu nje kama alivyomfanyia yule jirani. Nami nilikuwa tayari kuvivaa. Alikaa tu, mikono ndani ya sinia. Kisha akasema polepole, "Kila siku nasema, leo nimwombee rehema, leo nimwache aende. Ikifika jioni naona haya. Mama gani anayechoka kumngoja mwanawe?"

Nikamwambia, "Na mie nimechoka, mama."

"Umechoka?"

"Nimechoka sana."

Akanitazama kama mtu aliyekuwa anabeba mzigo peke yake, akageuka akaona kumbe wa pili alikuwa nyuma yake na mzigo kama huo huo. Hapo ndipo alipolia. Nami nililia. Mchele ulimwagika wote, Mcha akaingia mbio akidhani nimemuua mama yake.

Kwa kadhi alikwenda kwa miguu yake. Kadhi alimuuliza kama ana habari yoyote ya kuwa Masoud yu hai. Nilimshika mkono, nikadhani atarudi nyuma. Akasema, "Mwanangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Angekuwa hai ningeshapata salamu zake, hata za mdomo." Kisha akasema mwenyewe, bila ya kuulizwa, "Muandikeni marehemu." Kadhi aliinamisha kichwa. Mengine unayajua, maana ripoti ilikuja kwako.

Khitma ilisomwa hapa. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Kumbe wengi walikuwa wanangoja kuambiwa waje. Waliniambia pole mmoja mmoja, na kila mmoja nilimjibu. Siku ya tatu sauti ilikuwa imenikauka.

Sikwambii kwamba nimepona. Bado nachoka. Lakini zamani nilikuwa nachoka hata nikiwa nimekaa, na sasa uchovu huu una sababu, nao ukija naujua.

Ripoti yako Mcha amenisomea kwenye nakala yake. Umeandika vizuri. Ile kanzu umesema haina bei, wala hukuipa mrithi. Tumempa mtu anayeosha maiti msikitini, aivae.

Sasa hivi imepita adhuhuri. Bi Wanu amelala chumba cha pili na mlango wa nje uko wazi. Mcha anasema hajapata kumuona mama yake akilala mchana tangu kaka yake aondoke, akauliza kama amwamshe kwa sala ya alasiri. Nimemwambia asimwamshe bado, amwache alale kidogo.

Mwanakheir, mjane wa Masoud